Uvumi wa mlango mbovu: seva ifungwe au iachwe wazi?

Sokoni uvumi una bei yake. Ikisemwa tu kwamba meli ya sukari imechelewa, mfuko hupanda bei Kariakoo kabla mtu yeyote hajakwenda bandarini kuuliza, na mwenye duka hulazimika kuamua siku hiyo hiyo: anunue, auze au asubiri. Biashara zinazotegemea kompyuta nazo zina uvumi wa namna hiyo, na humkuta mwenye mali akiwa hana hata pa kuulizia. Inasemekana programu inayotumika kuingia kwenye seva kutoka mbali ina kasoro. Inasemekana wadukuzi wanaijua. Inasemekana kiraka bado hakijatoka. Fundi anapiga simu saa tatu usiku akitaka jibu moja tu: tufunge au tuache?

Jibu hilo haliwezi kuachiwa fundi peke yake. Kufunga kuna gharama, kuacha wazi kuna gharama, na zote mbili hulipwa na mwenye biashara. Kwa bahati, siku za aina hiyo zimekwishatokea mara kadhaa tangu mwaka 2002, na kumbukumbu zake zipo. Zikisomwa pamoja huonyesha jambo ambalo tukio moja peke yake haliwezi kulionyesha, kwa sababu hazifanani hata kidogo: mara moja onyo lilikuwa la kweli lakini limetolewa nusu, mara nyingine uvumi haukuwa na kitu ndani, na mara nyingine toleo jipya lenyewe ndilo lililokuwa na sumu.

MLANGO WENYEWE

Programu inayozungumziwa ni SSH. Kwa lugha nyepesi ni mlango wa mafundi. Humwezesha mtu aliyeko Arusha kuingia kwenye kompyuta iliyoko Dar es Salaam au Frankfurt na kuiamrisha kana kwamba ameketi mbele yake. Ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Ufini, baada ya mtandao wa chuo hicho kuvamiwa na maneno ya siri ya watumiaji kunaswa njiani. (Jina Tatu, ambalo huku ni la binti, kwao ni la mwanamume.) Kabla ya hapo mafundi wengi walitumia telnet, ambayo ilipitisha neno la siri likiwa wazi, sawa na kuandika namba ya siri ya benki nyuma ya kadi ya posta.

Toleo lililoenea zaidi ni OpenSSH, linalotengenezwa na watu wa mradi wa OpenBSD tangu mwaka 1999 na kutolewa bure. Limo karibu katika kila seva ya Linux, limo kwenye kompyuta za Apple, na tangu mwaka 2018 limo hata kwenye Windows. Kampuni ya uwakala wa forodha inayokodi seva Ulaya, chama cha kuweka na kukopa chenye hesabu za wanachama kwenye mashine ya chumba cha nyuma, duka linalouza kwa mtandao: wote hao wana mlango huu, na wengi wao hawajui hata jina lake. Seva yoyote ikishawekwa wazi kwenye intaneti, mlango huo hugongwa usiku na mchana na mashine za watu wasiojulikana zinazobahatisha maneno ya siri. Jambo hilo si habari. Ni kama vumbi la barabarani.

Kinachotisha ni kasoro ya aina nyingine, ile inayomwezesha mgeni kupita kabla hajaulizwa yeye ni nani. Kasoro ya namna hiyo haina haja na neno la siri. Mfanyakazi anaweza kuwa na neno refu la herufi 30, au ufunguo wa kielektroniki ulio bora kuliko wote, na visimsaidie, kwa kuwa mwizi hafiki hatua ya kuulizwa. Hapo ndipo uvumi hupata nguvu yake.

ONYO LILILOTOLEWA NUSU

Tarehe 24 Juni 2002 Theo de Raadt, kiongozi wa OpenBSD, alitoa tangazo ambalo watu wa kompyuta hawakuwa wamelizoea. Alisema ipo kasoro ndani ya OpenSSH, lakini hakusema iko wapi. Aliwataka watu wote wapandishe programu hadi toleo 3.3 na kuwasha kinga mpya iliyoigawa programu hiyo sehemu mbili, ili sehemu inayozungumza na wageni isiwe na mamlaka yote ya mashine. Kinga hiyo, kazi ya Niels Provos, haikuiondoa kasoro. Ilichofanya ni kuhakikisha kwamba mvamizi akipenya anajikuta ndani ya chumba kitupu chenye mlango wa pili uliofungwa.

Mafundi wa nchi mbalimbali walikesha. Waliombwa wabadilishe bidhaa kwenye rafu zote bila kuambiwa ipi imeoza, na wengi walikasirika. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Juni, kampuni ya ISS ilitoa maelezo kamili, na OpenSSH 3.4 yenye marekebisho ikatoka. Ikabainika kwamba kasoro ilikuwa kwenye sehemu moja tu, ile ya kuthibitisha mtumiaji kwa kumuuliza swali na kupokea jibu, sehemu ambayo biashara nyingi hazikuwa zikiihitaji. Ingeweza kuzimwa kwa kubadilisha mstari mmoja au miwili kwenye faili la mpangilio.

Kulikuwa na jambo chungu zaidi. Wale waliokuwa na Debian ya wakati huo, iliyoitwa potato, walikuwa na OpenSSH ya zamani, toleo 1.2.3, ambalo halikuwa na kasoro hiyo kabisa. Kwa kutii onyo walipanda hadi 3.3, na hivyo wakatoka kwenye toleo lisilo na kasoro wakaingia kwenye toleo lililo nayo, wakiwa wamebaki kukingwa na ile kinga mpya tu. Ni sawa na mtu aliyeuza ng'ombe mzima kwa hofu ya ugonjwa akanunua mwingine kwenye zizi lenye ugonjwa.

Je, de Raadt alikosea? Kwa upande wake hoja ipo. Angeutaja ule mstari mmoja hadharani, angekuwa amewaonyesha wezi mahali pa kuchimba kabla watu hawajaamka, na siku mbili ni muda mrefu kwa mtu mwenye nia mbaya. Lawama iliyo ya haki zaidi ni ndogo kuliko ile waliyompa wakati ule: onyo la "badilisheni wote" humsaidia anayejua alichonacho na humuumiza asiyejua. OpenBSD yenyewe, iliyokuwa ikijivunia kwenye matangazo yake kukaa miaka bila tundu lolote la kupenya kutoka mbali katika mpangilio wake wa awali, ililazimika kuyaandika upya matangazo hayo na kukiri tundu moja.

UVUMI USIO NA MZIGO

Miaka saba baadaye, mwanzoni mwa Julai 2009, upepo ulivuma kutoka upande mwingine. Ilisemwa kwamba kundi lililojiita anti-sec lina silaha ya kuvunja OpenSSH, na kwamba matoleo ya zamani, hasa 4.3 lililokuwa likitumika kwenye Red Hat Enterprise Linux 5 na ndugu yake CentOS, ndiyo yaliyo hatarini. Nakala ya maandishi yaliyodaiwa kuwa kumbukumbu ya uvamizi ilipita mkono kwa mkono. Tarehe 7 Julai kituo cha SANS kinachofuatilia matukio ya intaneti kiliandika juu ya uvumi huo, na baadhi ya kampuni zinazokodisha seva zikawafungia wateja wao mlango wa SSH kwa tahadhari.

Damien Miller, mmoja wa watengenezaji wakuu wa OpenSSH, alieleza kwamba alichoonyeshwa hakikumshawishi. Kwa maoni yake kilifanana na kubahatisha maneno ya siri, yaani lile vumbi la kila siku. Hakuna kasoro mpya ya OpenSSH iliyopata kuthibitishwa kutokana na uvumi ule.

Mambo mawili ya wiki ile yanafaa kukumbukwa na kila anayelipa mshahara wa fundi.

La kwanza ni namba ya toleo. Mwaka 2009 toleo jipya la OpenSSH lilikuwa 5.2, na 4.3 lilikuwa la mwaka 2006, hivyo watu waliona miaka mitatu ya uzee wakashtuka. Lakini Red Hat, kama wasambazaji wengine wa Linux, huwa haibadilishi namba kila inapoweka kiraka. Huchukua marekebisho ya usalama na kuyashonea kwenye toleo lile lile la zamani, ili wateja wasivurugikiwe kazi. Seva mbili zikiandikwa 4.3, moja inaweza kuwa imeshonwa kila mwezi na nyingine haijaguswa tangu inunuliwe. Anayetaka ukweli hasomi namba ya mbele. Huangalia namba ya kifurushi cha msambazaji na orodha ya marekebisho yaliyomo. Mkaguzi wa nje anayeandika "toleo limepitwa na wakati" kwa kutazama namba ya mbele tu, na wapo wengi, anauza karatasi.

La pili ni la kusikitisha, ingawa wapo waliocheka. Kwenye wiki hizo ulisambaa msimbo ulioitwa 0pen0wn, ukidaiwa kuwa ndiyo silaha yenyewe. Waliotaka kuupima ili kujua kama seva zao ni salama waliuendesha kwenye kompyuta zao. Ndani yake kulifichwa amri ya kufuta mafaili ya yule anayeuendesha. Mtu alitafuta kujua kama mwizi anaweza kuingia, na kwa mkono wake mwenyewe akateketeza ghala. Mchezo huo haujafa: mwaka 2024 pia, ilipotokea kasoro ya kweli, walijitokeza watu waliogawa mafaili yenye programu haribifu wakiyaita silaha ya kujipimia.

Ikumbukwe pia kwamba bidhaa hii ina soko lake. Kasoro isiyojulikana na wengine huuzwa kwa fedha nyingi. Kampuni ya Zerodium ilikuwa ikichapisha orodha ya bei, na mwezi Septemba 2019 ilitangaza kutoa hadi dola 2,500,000 za Marekani kwa njia kamili ya kuvunja simu ya Android bila mwenye simu kubonyeza chochote. Mwenye mali ya bei hiyo kwa kawaida hatembei nayo akipiga kengele, maana ikishajulikana bei yake huanguka. Kelele nyingi, kwa hiyo, ni dalili ndogo kwamba mzigo haupo. Ni dalili tu lakini. Mwaka 2002 kelele zilikuwa nyingi na mzigo ulikuwepo.

MWAKA 2024: MARA MBILI

Mwaka 2024 ulileta matukio mawili ndani ya miezi michache, na kila moja lilidai jibu la kinyume na la mwenzake.

Tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund alitangaza alichokikuta. Kwenye vipimo vyake aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kunaichosha kompyuta kuliko inavyostahili. Badala ya kupuuza alifukua. Akakuta kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri katika matoleo yake mapya 5.6.0 na 5.6.1. OpenSSH yenyewe haikuwa na kosa. Ila katika baadhi ya mifumo ya Linux iliunganishwa, kwa njia ya kuzunguka, na maktaba ya xz, na kupitia hapo mwenye ufunguo wa siri angeweza kuiamuru seva. Mpandikizaji, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amechangia kazi nzuri kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa kutoa matoleo.

Dawa ya safari hiyo ilikuwa kurudi nyuma. Walioathirika ni waliokimbilia vitu vipya: Fedora ya majaribio, Debian ya majaribio, openSUSE Tumbleweed, Kali. Waliokaa kwenye matoleo tulivu, yale ambayo mkaguzi wa karatasi angeyaita mazee, hawakuguswa. Fundi aliyesikia "kuna hatari kwenye SSH" na kukimbilia kupandisha kila kitu hadi toleo la mwisho, bila kusoma, angeweza kujipelekea mwenyewe sumu ambayo hakuwa nayo.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Julai 2024, kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro ya ndani ya OpenSSH yenyewe na kuipa jina regreSSHion. Hii ilikuwa kasoro iliyofufuka. Ilikwisha kurekebishwa mwaka 2006, na mwezi Oktoba 2020 mabadiliko mengine kwenye msimbo yakaliondoa rekebisho hilo bila mtu kukusudia, hivyo matoleo kuanzia 8.5p1 hadi kabla ya 9.8p1 yakawa nayo kwenye Linux nyingi. Qualys ilikadiria seva zaidi ya milioni 14 zilizo wazi kwenye intaneti kuwa huenda zimo hatarini. Mara hii dawa ilikuwa kwenda mbele.

Hata hivyo takwimu za Qualys zilikuwa na sehemu ya pili ambayo vichwa vya habari viliiruka. Katika majaribio yao, kwenye mashine za zamani za biti 32, ilihitajika kugonga mlango mara 10,000 hivi, na kazi ilichukua saa 6 hadi 8 kwa wastani. Kwenye mashine za biti 64, ambazo ndizo zilizo nyingi, walikuwa hawajaonyesha uvunjaji uliokamilika. Kwa hiyo hatari ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa ya dakika. Mwenye biashara aliyesoma takwimu zote mbili alijua kwamba ana usiku mmoja wa kufanya kazi kwa utulivu, na kwamba seva inayogongwa mara 10,000 huacha alama kwenye kumbukumbu zake.

KINACHOFAA KATIKA HALI ZOTE

Matukio manne yametajwa: kupanda kulisaidia kwa sehemu, kupanda hakukuhitajika, kupanda kulidhuru, kupanda kulitakiwa. Anayeweka mpango wa "kikisikika kitu, tunapandisha toleo" anacheza bahati nasibu. Lakini lipo jambo moja ambalo lingefaa mara zote nne, hata kabla ya kujua ukweli: kupunguza wanaoweza kuufikia mlango.

Kasoro ya mwaka 2002 ilihitaji mvamizi aufikie mlango. Wabahatishaji wa mwaka 2009 walihitaji kuufikia mlango. Mwenye ufunguo wa siri wa xz alihitaji kuufikia, na mgongaji wa mara 10,000 pia. Seva iliyopangwa ipokee SSH kutoka anuani mbili tu za ofisi, na kuwapuuza wengine wote duniani, haihitaji kujua kama uvumi ni wa kweli ili iwe salama zaidi usiku ule. Kazi hiyo hufanywa kwenye ukuta wa kinga wa seva au kwenye ukurasa wa kampuni inayokodisha, na huchukua dakika chache. Kwa kawaida haina malipo ya ziada. Ukurasa wa wateja, malipo na barua pepe vinaendelea kufanya kazi, kwa kuwa vinapita milango mingine. Kinachofungwa ni mlango wa mafundi tu.

Kwa nini basi haifanyiki? Sababu kubwa katika nchi zetu ni simu. Fundi anafanya kazi kwa bando, leo yuko Kinondoni, kesho Morogoro, na anuani ya intaneti anayopewa na kampuni ya simu hubadilika na mara nyingi hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Ukiiruhusu hiyo umemruhusu yeye na maelfu ya majirani asiowajua. Njia inayotumika ni kuweka seva moja ndogo ya kupitia, yenye anuani isiyobadilika, na seva nyingine zote kukubali mafundi kutoka hapo tu. Wengine hutumia njia binafsi ya mtandao, maarufu kama VPN.

VPN nayo ni mlango, na inaweza kuwa mbovu. Mwezi Januari 2024 vifaa vya kampuni ya Ivanti vinavyofanya kazi hiyo vilikutwa na kasoro zilizokuwa tayari zikitumiwa na wavamizi, na tarehe 31 ya mwezi huo CISA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama wa mitandao, iliziagiza idara za serikali kuu kuvichomoa kabla ya siku ya Ijumaa, tarehe 2 Februari, kwisha. Saa 48 hivi, na hakuna mjadala. Huo ni mfano wa siku ambayo jibu la "funga" lilikuwa sahihi bila shaka, kwa kuwa ushahidi wa uvamizi ulikuwepo na kiraka kilikuwa hakijawafikia wote.

Wapo wanaouhamisha mlango kutoka namba 22 na kuuweka namba nyingine, wakidhani wamejikinga. Hatua hiyo hupunguza vumbi, na kumbukumbu za seva zinasomeka vizuri zaidi. Lakini ni kama kung'oa kibao cha duka: mteja wa bahati atapita, aliyekuja kuiba atauliza jirani.

USIKU WENYEWE

Simu ya saa tatu usiku ikija, mwenye biashara asiyejua kompyuta bado ana maswali ya kuuliza, na majibu yake yanampa nafasi ya kuamua. Seva ngapi zina mlango huu wazi kwa dunia nzima, na zipi zina fedha au majina ya wateja? Nani anatakiwa kuingia kabla ya kesho saa nne, na kwa kazi gani? Msambazaji wa mfumo wetu, awe Debian, Ubuntu au Red Hat, ameandika nini leo kwenye ukurasa wake wa usalama? Fundi anayejibu swali la tatu kwa kusema "nimeona kwenye kundi la WhatsApp" bado hajajibu.

Ikiwa hakuna anayehitaji kuingia kabla ya asubuhi, kufunga hakuna hasara inayoonekana, na hakuna sababu ya kubishana. Ikiwa ni mwisho wa mwezi na mishahara inaandaliwa kupitia mlango huo, aachiwe anayeiandaa peke yake, kwa anuani yake, na wengine wafungiwe. Uamuzi wa kuacha kila kitu wazi kama kilivyo mpaka habari zithibitishwe ndio ambao ni mgumu kuutetea. Huokoa usumbufu mdogo, na hasara yake ikitokea haina kikomo.

Kabla ya kufunga, fundi ahakikishe ana njia ya pili ya kuingia. Kampuni nyingi zinazokodisha seva hutoa dirisha la dharura kwenye ukurasa wao, lisilotegemea SSH, na usiku wa uvumi si wakati wa kugundua kwamba neno la siri la ukurasa huo analijua mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka juzi. Vile vile, anapobadilisha mpangilio wa SSH asikate muunganisho alionao. Afungue wa pili, ajaribu kuingia, na akishaingia ndipo aufunge wa kwanza. Wengi waliofungiwa nje ya seva zao walifungiwa na mikono yao wenyewe, si ya wadukuzi.

Hatua za muda zinazotolewa na wenye programu zisomwe hadi mwisho wa sentensi. Kwa kasoro ya Julai 2024 ilishauriwa, kwa asiyeweza kupandisha toleo mara moja, kuondoa ukomo wa muda ambao seva humsubiri mgeni ajitambulishe. Ushauri ulifaa, lakini waliouandika walionya kwamba seva hiyo sasa inaweza kujazwa na wageni wasioondoka mpaka wenyeji wakose nafasi. Aliyeichukua dawa bila onyo alibadilisha mwizi kwa foleni.

BAADA YA KIRAKA

Kiraka kikishawekwa, swali linalosahaulika ni kama kuna aliyeingia kabla. Mfano mkali zaidi ni wa tarehe 13 Mei 2008, Debian ilipotangaza kwamba programu yake ya OpenSSL, kutokana na mabadiliko ya mwaka 2006, ilikuwa ikitengeneza funguo zinazoweza kukisiwa. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo kulikuwa na uwezekano wa funguo 32,768 tu, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza upesi. Waliopandisha programu wakaridhika walikuwa wametengeneza kitasa na kuacha funguo mbovu mikononi mwa watu. Kila ufunguo uliotengenezwa katika miezi ile 20 ulitakiwa kutupwa, hata kama ulikuwa umepelekwa kwenye seva isiyo ya Debian.

Hivyo fundi afungue faili la funguo zilizoruhusiwa kwa kila mtumiaji na kuuliza kila mstari ni wa nani. Mstari usio na mwenyewe ufutwe, baada ya kunakiliwa. Asome kumbukumbu za kuingia za wiki kadhaa, akitafuta anuani ngeni na saa ngeni, huku akijua kwamba mvamizi aliyepata mamlaka yote anaweza kuwa amezifuta. Ndiyo sababu kampuni zenye uzoefu hupeleka nakala ya kumbukumbu kwenye mashine nyingine wakati ule ule zinapoandikwa. Ikionekana dalili ya kweli ya uvamizi, seva isisafishwe na kuendelea kutumika. Inakiliwe kwa ajili ya ushahidi, kisha ijengwe upya kutoka mwanzo, na data irudishwe kutoka nakala ya akiba ya kabla ya tukio.

Hapo jambo linatoka kwenye chumba cha mafundi. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka mwenye kuhifadhi taarifa binafsi za watu kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua kwamba taarifa hizo zimefikiwa na asiyehusika na zinaweza kuwaletea wenyewe madhara. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuna pia TZ-CERT chini ya TCRA, na KE-CIRT kwa upande wa Kenya, vituo vinavyopokea taarifa za matukio ya namna hii. Saa 72 ni chache kwa kampuni ambayo haijaandika popote ni nani mwenye jukumu la kupiga simu hiyo, na kwa kawaida siku ya kwanza huishia kwenye kubishana kama tukio lilitokea au halikutokea.

Mlango ukifunguliwa tena, usifunguliwe kwa dunia nzima kama ulivyokuwa. Kampuni nyingi hurudisha kila kitu mahali pake asubuhi ya pili kwa sababu mtu mmoja, mara nyingi bosi mwenyewe akiwa safarini, ameshindwa kuingia. Huyo atengenezewe njia yake.